Kamera Mbili na Kipande cha Reli cha Baba

Alhamisi, Kamina. Baridi ya mwezi wa sita, ile inayokufanya unawe uso tu halafu umwambie mama yako kwamba umeoga. Leo jua lilichelewa kutoka, upepo umetulia, na mimi nina furaha kiasi kwamba naona haya kuiandika.

Nitaiandika hivyo hivyo.

Kwanza niungame. Mwaka jana nilijitapa humu kwenye ukurasa wangu kwamba kamera si kitu, jicho ndilo kitu. Wengi mlinipongeza. Ukweli ni kwamba nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na kamera nyingine.

Niliyokuwa nayo ni DSLR, kamera ya kawaida ya wapiga picha wa harusi, niliipata ikiwa imeshatumika, na kifuniko cha betri kinashikiliwa na gundi. Siisemi vibaya. Imenipigia harusi, ubatizo, picha za kadi za shule. Ina lenzi tatu, haiogopi giza la kanisa, na bibi harusi akigeuka ghafla inamwahi. Chakula cha nyumbani kwetu kinatoka humo. Lakini kinachonitoa kitandani alfajiri si mabibi harusi. Ni nchi yetu hii ya juu, nyasi zinapoanza kukauka, vichuguu virefu kuliko mtu, na reli inayonyooka mpaka jicho linachoka.

Wiki iliyopita yaya Patient alinitumia mzigo. Huyu ni mpiga picha wa Lubumbashi, tulikulia pamoja kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina, ndiyo maana namwita yaya, kaka mkubwa. Ndani ya mzigo kulikuwa na kamera ya kidijitali ya muundo wa kati, ile ambayo mafundi wa huku wanaiita kwa Kifaransa moyen format. Kihisi chake, yaani kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, ni kikubwa kuliko cha DSLR yangu. Lenzi ni moja tu.

Alinieleza kwa simu: "Minyi niko na mariage kila samedi, na ile appareil iko nalala. Inanishinda. Weye unapenda mapori. Unitumie ya yako na malenzi yote, ubakie na ile."

Yaani yeye ana harusi kila Jumamosi, na kamera hii imelala tu. Kubadilishana moja kwa moja, si kuazimana. Jibu alilitaka leo, kwa sababu dereva aliyeileta anarudi Lubumbashi kesho asubuhi na ataondoka na moja kati ya hizo mbili.

Nikichagua vibaya nimejikata mkono mwenyewe.

Siku ya kwanza sikupiga picha yoyote ya maana. Niliivaa shingoni nikapita nayo sokoni polepole, nikauliza bei ya samaki nisiotaka kununua, ili watu waione. Ndiyo, mimi. Shingo iliniuma mpaka kesho yake.

Kisha nikaanza kuzijua tabia zake. Ni nzito. Inafikiri kabla ya kila picha. Betri inaisha kabla ya saa sita mchana, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo nimekuwa mgeni wa kila siku wa jirani mwenye paneli ya jua. Nilimpiga kuku akikimbia uani, nikapata picha safi kabisa ya ua bila kuku.

Jumatatu nikazipambanisha kwa haki. Niliomba ruhusa kwanza, maana huku kuelekeza kamera kwenye reli bila karatasi mkononi ni kujitafutia balaa. Nikapanda kilima kidogo nje ya mji, nikasimamisha stendi ya miguu mitatu, nikapiga bonde lile lile kwa mwanga ule ule, kamera moja baada ya nyingine.

Halafu nikafanya kosa ambalo labda ni sisi tu tungelifanya. Hapa kwetu picha kubwa maana yake ni bâche, turubai la plastiki tunalochapia sura za marehemu na sherehe za parokia. Nikachapisha picha zote mbili kwenye bâche, nikazitundika ukutani uani na kuwaita watu wachague. Mama akanyoosha kidole kwenye ile ya DSLR bila hata kukaa.

"Hii njo muzuri. Iko na rangi."

Majirani wakamuunga mkono. Kweli, kwenye bâche kila kitu kinakuwa kama kimepakwa mafuta, hakuna unyasi unaouona. Lakini nilikuwa nimechoka, nikawaamini. Jana jioni nilifuta moyen format vumbi, nikairudisha kwenye mfuko wake. Nililia kidogo nikifunga zipu. Ni kamera tu, najua.

Leo asubuhi baba aliniita. Kabla ya kustaafu baba alikuwa mkuu wa kikosi kinachotunza njia ya reli. Kwa miaka mingi alitembea kipande chake kila siku na nyundo mkononi, akigonga na kusikiliza. Sasa nyonga yake haimruhusu kufika hata barabarani. Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, leta ile ya kompyuta. Ile plastiki siwezi kuona kitu."

Nikamfungulia ya DSLR kwanza. Hakutazama anga, hakutazama nyasi zangu nilizozisubiri kwa baridi. Aliweka kidole kwenye reli na kuanza kutembea. Taruma kwa taruma, zile boriti zinazolazwa chini ya reli, midomo ikihesabu. Nikawa naikuza picha mbele ya kidole chake. Alipofika kwenye kona akasimama.

"Apa siko naona tena. Iko moshi tu."

Nikafungua ile nyingine. Akaanza upya, kutoka mwanzo, hakukubali kuruka. Akafika kwenye kona.

Akapita.

Nikakuza haraka. Kidole kilikwenda kwenye daraja dogo, kikavuka. "Angaria, apa traverse mbili aiko," alisema kwa hasira, traverse ndiyo taruma kwa lugha ya kazi yake. Kisha kidole kikaacha reli, kikaingia kwenye kivuli cha miti, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimepatazama. Nikakuza tena. Palikuwa na kijumba cha matofali, mlango wazi, na kitambaa cha bluu kimeanikwa kwenye kamba.

"Njo kwetu," alisema, yaani ndiko kwetu. "Ulizalikiaka mule."

Nilikuwa nimeipiga picha bila kujua nyumba nilimozaliwa, kabla hatujahamia kambini. Baba aliiangalia muda mrefu. Alifurahi kwamba kuna watu wanaishi humo, alilirudia hilo mara tatu. Halafu akafuta miwani kwa shati, akauliza kama anauliza saa.

"Na mbele ya pale, utaenda siku gani?"

Kuna kilomita nyingi mbele ya pale. Anazijua zote kwa majina ambayo hayako kwenye ramani yoyote.

Nikampigia yaya Patient na kumwambia achukue yangu. Nikaifunga DSLR na lenzi zangu tatu kwenye katoni ya dereva. Naogopa, sitajifanya jasiri. Jumamosi nina harusi, nitaenda na hii hii, na nitambembeleza bibi harusi atembee kama anabeba maji kichwani. Huenda nikapoteza wateja. Nimeamua kukubali hilo kwa macho wazi.

Jambo moja limebaki na ndilo lililonifanya niandike. Miaka yote hii watu wakimuuliza baba binti yako anafanya nini, yeye hujibu kwamba bado natafuta kazi. Harusi zangu zote, picha zangu zote, bado natafuta kazi. Mchana huu alikuja mzee mwenzake wa zamani, wakakaa uani, akauliza swali lile lile. Nilikuwa jikoni, nikasubiri nisikie jibu la siku zote.

"Mutoto yangu?" baba alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Iko natumika ku reli." Yaani nafanya kazi kwenye reli.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kazini.