Umri Wangu wa Kweli, na Namba ya Vifungio vya Ski

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, ile mvua ya Januari ya hapa Wheaton inayokosa digrii mbili tu iwe theluji. Nimerudi kanisani, nimevua viatu vilivyolowa, nimekaa mezani na chai. Baba Neema kajilaza kwenye kochi. Ski zangu, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zimeegemea ukuta wa korido, na kila nikienda jikoni lazima nizitupie jicho.

Nina ski zangu mwenyewe. Acha niandike hilo kwanza, kabla sijafika kwenye aibu.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni mama wa Kitanzania ninayeishi Marekani, mtu wa Tabora, msaidizi kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, na majira ya baridi nateleza kwenye theluji. Nilianza miaka minane iliyopita, wenzangu wa kazini walipokodi basi kwenda kilima kimoja huko Pennsylvania. Siku ile nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Nilirudi nyumbani nyonga imechubuka, nikajua nitakwenda tena. Akina mama wa jumuiya yetu wananicheka hadi leo. "Mama Neema, yaani unalipa hela ili uporomoke?" Ndiyo, nalipa, na nikiporomoka nafurahi. Kila mtu na wazimu wake.

Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kukodi, isipokuwa buti. Juzi juzi mwenzangu wa kliniki, anayehamia Florida, akaniuzia ski alizonunua na kuzisahau chini ya kitanda. Ni ski za mlima mzima, zile za katikati: si pana kama za theluji laini ya kina, wala si nyembamba kama za wanaoshindana. Zilikuwa tupu, hazijawahi kutobolewa, hazina vifungio. Kifungio ndicho kinachokamata buti mbele na nyuma. Ukianguka vibaya, kinatakiwa kiliachie buti kabla mfupa haujavunjika.

Wiki mbili nimeangalia video za vifungio. Jamani, nyumba hii tuliinunua kwa kufikiria kidogo kuliko nilivyofikiria vile vyuma viwili. Breki zake, zile nondo mbili zinazozuia ski isikimbie ikivuka mguuni, zinatakiwa zizidi kiuno cha ski, yaani upana wake wa katikati, kwa milimita chache tu. Zikiwa nyembamba hazishuki, zikiwa pana mno zinaning'inia pembeni na kukwaruza theluji ukilalia upande. Halafu kuna vinavyokaa kwenye reli, unaweza kuvisogeza mbele na nyuma utakavyo, ila ni vizito. Na kuna vya kufungwa kwa skrubu moja kwa moja, vyepesi, lakini ukishatoboa umetoboa. Nilichagua vya skrubu. Mguu wangu unajulikana, hautarefuka tena.

Alhamisi baada ya kazi nikavipeleka kwa fundi. Anaitwa Marcus, Mmarekani mweusi, ana duka dogo huko Virginia upande wa Woodbridge. Kutoka kwetu ni mbali, na foleni ya I-95 inamtoa mtu imani, lakini Marcus alisoma Kiswahili chuoni na hakukiacha. Anasema "vifungio vyako hivi viwili vitakaa vizuri" kwa unyoofu ambao mimi mwenyewe wa Tabora sina. Napenda kutengenezewa vitu na mtu ninayeweza kumuuliza swali la kijinga kwa lugha yangu.

Nikamuuliza la kijinga: tuviweke wapi? Kwenye ski kuna mstari mdogo alioweka mtengenezaji, na kwenye soli ya buti kuna alama ya katikati. Alama inakaa juu ya mstari. Ukisogea sentimita moja mbele, ski inageuka upesi. Ukirudi nyuma, inaelea vizuri kwenye theluji ya kina. Mtandaoni wanasema wanawake wasogee mbele. Marcus akaniuliza nateleza wapi. Nikamwambia vilima vya huku huku, vilivyoganda kama sakafu. Akaweka buti langu juu ya ski, akainama, akatazama kwa jicho moja, akasema tukae juu ya mstari, yule aliyeuchora hakuwa mjinga. Nikakubali. Keekee ilipoanza kulia niligeuka nikaangalia glavu ukutani.

Baadaye ikaja fomu.

Fundi hawezi kukaza kifungio kwa kubahatisha. Anataka uzito, urefu, umri, na wewe ni mtelezaji wa namna gani: mwoga, wa kati, au wa fujo. Anapima soli ya buti, anasoma jedwali, anapata namba. Namba ikiwa ndogo mno, kifungio kinakuachia njiani bila sababu. Ikiwa kubwa mno, unaanguka na ski inabaki imekung'ang'ania. Kwenye uzito niliandika ninaoutamani, nikaona mizani iko pale pale mlangoni, nikafuta nikaandika wa kweli. Kwenye namna nikaweka wa kati. Kwenye umri mkono ukaandika wenyewe: 48.

Marcus akapitisha kidole kwenye jedwali. Akasema, bila hata kunitazama, "Kama ungefika hamsini ningeshuka mstari mmoja. Mifupa ya hamsini inataka iachiwe mapema." Akazungusha bisibisi mpaka kwenye tano. Nikatia sahihi chini ya sentensi inayosema maelezo yote niliyotoa ni ya kweli.

Nina miaka hamsini na mbili.

Sijawahi kuiandika mahali popote. Nilipokuwa mdogo nilibaki nyumbani nikimwongoza bibi yangu, aliyekuwa haoni. Bibi alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kaka yangu akanipeleka shule. Mwalimu mkuu hakuwa tayari kumwandikisha mtu mzima darasa la kwanza. Kaka akasema huyu ana saba. Nilikuwa kakijiti, mwalimu akanitazama juu hadi chini, akaandika saba. Nusu ya darasa letu tulikuwa na umri wa shule wa namna hiyo na hakuna aliyeona haya. Tulijua nani mkubwa kwa nani, tukaheshimiana hivyo hivyo.

Lakini ile saba ikaendelea kutembea. Ikaingia kwenye cheti, ikaingia kwenye pasipoti, ikapanda ndege na mimi, ikaingia leseni ya udereva, na siku nilipoapa uraia ilikuwepo. Maana yake nitastaafu nimechelewa miaka minne, potelea mbali, kazi sijaikataa. Siku nilipotimiza hamsini nilinunua keki ndogo nikaila peke yangu ndani ya gari, kwenye maegesho ya maduka ya Wheaton. Nikafuta makombo, nikaenda nyumbani kupika.

Najua duka la ski halipeleki fomu uhamiaji, kwa watu wanaoweza kumnyang'anya mtu uraia kwa umri wa uongo. Kichwa kinajua vizuri sana. Tumbo halijui, na siku hizi tumbo ndilo linalosikiliza habari. Blogu hii haina jina langu, na hata hivyo naandika huku nimeufunga mlango wa nje.

Kwa hiyo Alhamisi nilinyamaza. Nikamwambia Marcus Jumamosi nitafuata ski zangu, nikaondoka na tano yangu.

Ijumaa kazini akaletwa kijana wa watu, mfupa wa muundi ulivunjika vipande mwezi uliopita. Alikodi ski, na kwenye fomu akajiandika mtelezaji wa fujo ili wenzake wasimcheke. Alianguka polepole tu, karibu amesimama, anasema, lakini kifungio hakikufunguka. Mimi ndiye niliyemshika mkanda kiunoni akijifunza kupanda ngazi tatu za mbao. Jasho linamtoka, ananiomba msamaha kila hatua, sijui kwa kosa gani.

Nikawaza, mimi na huyu tumetofautiana nini? Nasimama saa nane kwa siku. Miguu yangu ndiyo inayoninyanyulia wagonjwa, ndiyo inayomsomesha Neema chuo. Na si ski hizi tu, misimu miwili iliyopita nimekodi vifungio kwa umri wa karatasi na nikashuka navyo mlimani nikiimba. Mungu kanisitiri tu. Nilikasirika, haki ya Mungu, nikakosa wa kumkasirikia. Kaka alinitendea wema. Mwalimu naye alinitendea wema.

Jana asubuhi nikarudi dukani. Mbele yangu kulikuwa na mume na mke wanaochagua kofia ngumu, nikasubiri nikijifanya natazama miwani. Walivyokuwa wanachelewa! Mwishowe nikapiga moyo konde, nikasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, wao wakiwa pale pale.

"Marcus, kwenye fomu nimekosea umri."

"Umekosea kwa miaka mingapi?"

"Minne. Nina hamsini na mbili. Karatasi zangu zote zinasema arobaini na nane."

Hakushangaa. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema bibi yake wa Carolina alikuwa na umri wa familia na umri wa serikali, maana alizaliwa nyumbani na mkunga, na serikali ilikuja kumwandika baadaye ilivyotaka. "Lakini mguu ulikuwa wa umri wa familia," akasema. Akachana fomu ya zamani, akanipa mpya. Nikaandika 52 kwa kalamu ya wino.

Akashusha namba kutoka tano hadi nne na robo. Ni robo duara tu ya bisibisi, ukiangalia hata huoni tofauti. Halafu akafunga buti kwenye mashine yake ya kupimia, akalisokota mpaka kifungio kikalia *ta!* na buti likatoka. Nikamwomba arudie. Akarudia. Akanionya pia nisijidanganye: kifungio kinalinda muundi, goti hakiliwekei ahadi, goti nililinde mwenyewe kwa kuacha ujeuri. Nikamwambia ujeuri nimepunguza leo leo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa mwepesi. Nilipokaribia nyumbani wepesi ukaisha. Haiwezekani fundi wa ski wa Woodbridge ajue jambo langu ambalo baba wa mtoto wangu halijui.

Niseme Baba Neema ni nani. Anaendesha basi, ile njia inayopita Langley Park, ambako ujenzi wa reli umewatoa watu roho miaka nenda rudi. Ni mtu mpole, ila ana kiburi kimoja: ana hamsini, mimi arobaini na nane, basi yeye ndiye mkubwa. Tukibishana na akaona anashindwa, anasema, "Mama Neema, mimi nimekutangulia kuliona jua." Hapo mjadala umefungwa. Miaka kumi na tisa ya ndoa nimekuwa nikinyamazishwa na jua nililoliona mimi kwanza. Na mwaka jana, kwenye sherehe yake ya hamsini ukumbini, mbele ya pilau na watu wote, nilishika maikrofoni nikamwita kaka mkubwa niliyepewa na Mungu. Watu wakapiga vigelegele.

Nilimkuta jikoni akikata vitunguu. Nikasimama mlangoni na ski mkononi, nikamwambia yote kwa mpigo mmoja, kuanzia bibi mpaka bisibisi.

Akaweka kisu chini. "Kaka yako anajua?"

"Anajua."

"Na marehemu mama?"

"Alijua."

"Kwa hiyo kwenu wote walikuwa wananiangalia nikijiita mkubwa."

Nikasema hapana, hakuna aliyekucheka. Lakini niliona uso wake, nikajua nimemuumiza. Si kwa miaka miwili. Ni kwa kuwa nilimwamini kwa kila kitu, mshahara wangu, mwili wangu, mtoto, nikamnyima hiki. Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Akamaliza vitunguu, tukala, akaosha vyombo ingawa ilikuwa zamu yangu, na hakuniongelesha tena. Kwa Baba Neema hiyo ni hasira kubwa kabisa. Nilikaa upande wangu wa kitanda nikiona kwamba mguu nimeuokoa, na huenda kitu kingine nimekivunja.

Leo asubuhi nilikuwa nafunga kilemba mbele ya kioo. Akaja, ameshavaa suti, akasimama mlangoni pa chumba. Nikamwona kwenye kioo anarekebisha tai. Nikajiandaa kwa lolote.

Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Nikageuka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mtu yeyote aliyemwamkia mkubwa wake, na mimi nimeshika ncha ya kilemba. Tangu nitoke shule hakuna aliyewahi kuniamkia kwa umri wangu wa kweli, na kuitikia maana yake ni kukubali, kwa sauti yangu, nyumbani kwangu, kwamba miaka ile ni yangu.

"Marahaba," nikasema, na kilemba chote kikaniangukia.