Kipande cha Gunia kwa Nora

Ruiru, mashamba ya kahawa

Dada yangu Rebeka,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote waliomo nyumbani. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na mahindi ya kule mtoni, mvua ya mawe iliwaachia chochote? Mimi ni mzima, ila nimechoka, tena uchovu wenyewe ni ule usioisha kwa kulala. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, na blanketi nililokuja nalo limebaki nyuzi.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Unasema Nora wangu amemvunja binamu yake jino kwa jiwe, kisa mtoto wa gunzi waliyekuwa wakimchezea. Unasema shemeji amemchapa kama nilivyoagiza, na tangu siku hiyo Nora hasemi na mtu, anakula akiwa amegeukia ukuta. Unaniuliza kama shemeji aendelee. Dada, najua ni mimi niliyeandika, "Mchapeni, msimwonee huruma kwa kuwa hana baba." Maneno hayo ni yangu, siyakani. Leo naandika kuyarudisha. Mwombe shemeji aiweke fimbo chini, na unisikilize kwanza kabla hujasema Loise ameharibiwa na miji.

Kazi yangu unaijua. Akina mama wakiingia kwenye mibuni asubuhi, wananiachia watoto katika banda lililo nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa. Wako ishirini na wanane. Wakubwa wana miaka sita kama Nora, wadogo bado wanajikojolea. Napika uji, nafuta makamasi, naamua ugomvi mpaka kahawa ipimwe jioni. Nyapara anachotaka ni kimya tu, na kwa muda mrefu na mimi nilikuwa sitaki zaidi ya hicho.

Sasa, watoto hawa walizua mchezo. Mmoja anavaa gunia la kahawa lililotobolewa matundu mawili ya macho. Wengine wanasimama mstari. Mwenye gunia anapita mbele yao bila kusema neno, na akimtikisia mtu kichwa, huyo anavutwa pembeni na kupigwa kwa vijiti. Hawakuuota mchezo huo. Siku ya msako wa askari hapa, wazazi wao walipangwa vivyo hivyo, na mtu aliyefunikwa gunia akawachagua kwa kichwa wa kukamatwa. Zaidi ya hapo siandiki, maana siku hizi barua zinafunguliwa, hata za kupelekwa kwa mkono.

Siku moja mtoto alipigwa juu ya jicho, damu ikamjaa usoni. Mwenye gunia alikuwa Njeri, msichana wa miaka mitano, mkali kama pilipili. Nikamvua gunia, nikachukua kile kile kijiti kilichompiga mwenzake, nikamchapa miguuni mara tatu. Nikamwambia, "Hapa hatupigani." Usinicheke, dada. Nilisema hivyo huku kijiti kikiwa mkononi, wala sikuona kasoro yoyote.

Jioni mama yake, Wanjiru, aliona ile michirizi. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akasema, "Mama Nora, huyu mtoto anafanya tu ile kitu ameona. Na wewe umemwonyesha ingine." Akambeba akaenda zake. Nilikasirika naye usiku kucha, na ujue mtu hukasirika hivyo akiambiwa kweli.

Kesho yake nilikuwa nakoroga uji. Nikaona banda limenyamaza. Kugeuka, nikamkuta Njeri amelivaa gunia, amesimama mbele yangu. Akanitikisia kichwa. Na wenzake, dada, wale watoto ninaowalisha na kuwaosha, wakaokota vijiti vyao wakanijia, maana ndivyo mchezo ulivyo. Mmoja asiyezidi miaka mitatu akanipiga kwenye muundi. Nikainua mkono nimzabe, kisha nikaona wote wameinua mabega kungoja kofi. Mkono ukanifia hewani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikaketi chini sakafuni. Nikamwambia Njeri, "Vua gunia. Mimi ni mbaya kwa nini?" Akalia kwanza, halafu akasema, "Wewe ulinichapa. Na ile gunia ilifanya hivi kwa baba," akatikisa kichwa, "na baba akapelekwa." Uji uliungua siku hiyo. Nyapara alinitukana, nikamwacha atukane.

Tangu hapo gunia hatulivai, tunalikalia. Liko kwenye kona. Mwenye hasira anakwenda kulikalia, na akiwa pale haguswi na mtu, hata mimi simgusi. Anakaa mpaka pumzi itulie, kisha anasema nani kamkosea na vipi, na aliyetajwa lazima asikilize mpaka mwisho. Usidhani wamegeuka malaika. Jana mmoja aliniuma kidole kwa ajili ya kipande cha kiazi, na kuna siku najiuliza nani kanituma. Lakini wiki iliyopita Njeri alinyang'anywa kibati chake, akainua jiwe. Akalitazama. Akaliangusha, akaenda kukalia gunia. Nami nilisimama nikimtazama, nikamwona Nora.

Siwezi kuja kabla mavuno hayajaisha. Nimeomba ruhusa mara mbili, nimekataliwa mara mbili. Barua hii anakuletea jirani yetu Yafesi, yule anayefanya kazi Thika, maana amepata likizo na posta ingechelewa. Kila siku inayopita naogopa shemeji yuko uani anakata fimbo nyingine kwa amri yangu.

Msalimu shemeji, umwambie simlaumu, alifanya nilichomwomba. Msalimu Mama, na mjomba Zakaria anayetulimia lile shamba. Yule binamu aliyevunjika jino mpe pole zangu, naye pia asikilizwe, maana ameumia.

Kwenye kifurushi utakuta kipande cha gunia. Nimekikata na kukipinda kingo kwa mkono. Usikiweke mlangoni watu wafutie miguu, ni cha Nora. Kitandike mahali penye jua, ukae karibu naye, usimharakishe. Huenda siku ya kwanza asiseme kitu. Lakini akifungua kinywa, na jina atakalolitaja likiwa langu, usimkatize kwa kunitetea. Mwache aseme yote, kisha uniandikie kama alivyosema, usipunguze hata neno. Nitaisoma nimekaa chini.

Ni mimi mdogo wako,
Loise