Keki ya Mosi Januari

Columbus, 9 Machi 2015

Mdogo wangu Dionizi,

Huku theluji haijaisha, na ghalani wametuongezea zamu. Ndugu yetu Kostansia yuko Louisville, anakusalimu. Niliona picha zako na kombe la kikapu huko Ubelgiji. Umenenepa, usikatae.

Niliona na keki ya kuzaliwa waliyokukatia klabuni mosi Januari, tarehe ile ile waliyotuandikia sote kwenye karatasi za ukimbizi. Nilicheka peke yangu jikoni. Mama ndiye hajawahi kuifuata. Uchungu wako ulimshika kwenye foleni ya mgao wa mahindi kambini, tarehe tisa Machi, na kila mwaka siku hiyo hukupigia simu.

Leo hakukupigia. Usimkasirikie. Jumamosi nilikwenda Buffalo kwa shangazi anakokaa Mama, nikamwonyesha mechi yako. Ulipofunga akapiga makofi, akaniambia, "Kijana huyu anajua! Mama yake lazima anafurahi huko aliko."

Kwa simu ningelia, ndiyo maana naandika.

Sasa siku yako naijua mimi tu. Heri ya kuzaliwa.

Dada yako,
Fides