Nyumba Tuliyoigeuza kwa Ajili Yako, Papa

Papa wangu mpendwa,

Leo asubuhi Mama aliniita nije kupaka rangi upya ukuta wa chooni, ule wa kijani. Nikamwambia kwamba sasa tunaweza kuurudisha kuwa mweupe, kama ulivyokuwa zamani. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Uache vile," akasema. "Minye nilishaizobelea." Amekwisha kuuzoea. Basi nimepaka kijani kilekile, nimenawa mikono, na sasa nimekaa barazani nikikuandikia, maana tangu tukuzike sijapata kuzungumza nawe kwa raha.

Unakumbuka hii baraza ilivyokuwa Jumapili, baada ya misa? Majirani wa kambi nzima ya wafanyakazi wa mtambo walikuletea pasi zao, redio zao, majiko yao ya umeme. Siku sita ulikuwa fundi umeme wa mtambo, na siku ya saba ulikuwa fundi wa kila mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika skurubu kiganjani. "Shika muzuri, mama," ulikuwa ukiniambia. "Usipoteze hata moya." Nilikuwa mtoto mdogo na ulikuwa ukiniita mama, nami nilijiona mtu mzima anayetegemewa. Nadhani ndipo nilipoanza kupenda vitu vinavyofunguliwa na kufungwa tena, hata nikaenda Lubumbashi kusomea kuchora nyumba.

Na ilikuwa Jumapili, hapahapa, ulipofungua pasi ya jirani usiweze kuifunga. Ulikaa ukitazama vile vipande mezani kwa muda mrefu. Kisha ukacheka, ukasema, "Iyi pasi imebadilika." Sote tulicheka pamoja nawe. Mama peke yake hakucheka.

Daktari alituambia ni ugonjwa wa kusahau, kwamba ubongo unachoka pole pole na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Kaka Fidèle alikuja kutoka Kolwezi anakofanya kazi, na kwa kuwa ana moyo mwema na hajui kukaa bila kufanya kitu, akaleta vigae vya sebuleni. Vigae vyeupe, vinavyong'aa, ambavyo Mama alikuwa akivitamani tangu tukiwa watoto. Mafundi walipoondoka, Mama alitembea juu yake bila viatu, huku akijishika mdomo.

Kesho yake ulitoka chumbani, ukasimama mlangoni. Ukaketi chini, ukavua viatu, ukakunja suruali mpaka magotini.

"Papa, unafanya nini?" nikakuuliza.

"Uoni mayi? Imejaa nyumba yote."

Ukavuka ukishikilia ukuta, hatua kwa hatua. Ulipofika ng'ambo ulimgeukia Mama kwa hofu: "Usipite kule, bibi. Iko murefu." Wewe ulizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, ulijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, na maji marefu hukuyachezea kamwe. Tangu siku hiyo ukawa hutaki kutoka chumbani. Tulidhani ni ukaidi. Fidèle alikushika mkono kukuvuta, ukampiga kofi, wewe ambaye hukuwahi kumpiga mtoto yeyote katika nyumba hii.

Halafu ikaja ile siku. Uliamka, ukavaa buti zako za kazi, ukachukua mfuko wako, ukatoka langoni kwenda mtambo ambao ulikwisha kukustaafisha zamani. Mama alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, hakusikia lango. Tulikutafuta Likasi yote: kanisani, sokoni, stesheni, hospitalini. Jioni lori moja lilikurudisha. Dereva alikukuta mbali, kwenye barabara ya kwenda Shinkolobwe, umekaa katikati ya wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma. Walikuwa wamekupa maji na kitambaa cha kufunika kichwa. Walipokuuliza jina, uliwatajia lile la utotoni, ambalo mama yako alikuwa akikuitia ziwani. Ulishuka kwenye lori ukitabasamu, umebeba gunzi la mhindi mkononi, na Mama akakaa chini kwenye vumbi akalia.

Kaka alirudi na kadena, kufuli kubwa, akafunga lango. Simlaumu, Papa. Hakuna aliyekuwa na wazo lingine. Lakini ulikuwa ukisimama pale asubuhi nzima, ukitikisa vyuma. "Juu ya nini bananifunga?" ulikuwa ukiwauliza wapita njia. "Minye nilifanya nini? Muulize ku kazi, minye sikuiba kintu." Majirani uliowatengenezea pasi walikuwa wakipita wakiinamisha vichwa.

Nilimwambia kaka afungue. Akasema, "Na akipotea tena? Utamwambia nini Mama?"

"Unipe majira haya ya mvua tu," nikamjibu. "Mvua ikiisha na bado hajatulia, utamchukua Kolwezi, sitabisha."

"Unataka kufanya nini?"

Ukweli, sikujua. Nimechora nyumba za watu wengi, lakini sikuwahi kuchora ya mtu anayesahau. Nilihamia hapa na godoro langu. Jambo la kwanza nililofanya nilikaa kitandani kwako, mahali unapokaa, nikatazama mlango kutoka pale. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia sebuleni, na vigae vyote vilikuwa vikimetameta na kutikisika. Papa, yalikuwa maji. Hata mimi niliyaona. Nikainuka nikaenda kumwambia Mama kwamba vigae vyake vinatoka.

Aliinama akavipapasa kwa kiganja. Kisha akasema, "Nilikala nabyo mwezi moya tu." Na halafu, akitafuta nyundo mwenyewe: "Lakini bwana yangu hawezi kuogelea kila siku juu ya kuja kula bukari."

Tukarudisha sakafu ya simenti nyekundu, isiyong'aa. Siku ilipokauka ulitoka chumbani na viatu vyako miguuni, ukapita katikati ya sebule, ukauliza ugali uko wapi. Mama aligeuka upande wa ukuta ili nisione uso wake.

Si kila nilichofanya kilifaulu. Niliandika majina ya vyumba kwa herufi kubwa, nikayabandika milangoni. Ulisimama mbele ya kila mlango ukayasoma kwa sauti, bila kukosea hata herufi, ukatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesoma tangazo la kazi, kisha ukaenda kukojoa kwenye ua wa maua. Herufi zilibaki nawe, maana yake ilikuwa imekwenda. Kwa hiyo nikang'oa mlango wa choo kabisa, nikapaka kijani ukuta wa nyuma ili bakuli jeupe lionekane tangu kitandani kwako. Mama alipandwa na hasira. "Nyumba gani haina mulango ya kabine? Bageni batasema nini?" Tukaelewana juu ya pazia, ambalo anashusha wageni wakija na kulifunga kando wakienda. Wewe ulikiona choo, ukakitumia, na aibu ile iliyokuwa ikikufanya ujifiche na nguo zilizolowa ikaisha.

Kioo cha kabati nacho tulikiondoa, baada ya wewe kugombana na mzee aliyekuwa ndani yake. Ulikuwa na hakika kwamba amevaa koti lako. Nilicheka sana siku ile, na nikikumbuka sasa bado nacheka. "Umuambie arudishe," uliniambia, "minye si muntu ya kelele, lakini koti ni yangu."

Lililobaki lilikuwa lango. Niliwaza: Papa haondoki kwa sababu anatuchukia, anaondoka kwa sababu asubuhi mwanaume anakwenda kazi. Kama nikimfunga, nimemwachisha kazi mara ya pili. Basi nikachora njia ndani ya uwanja wetu. Ikatoka mlango wa jikoni, ikapita nyuma ya mti wa avoka, ikafuata ua wa majani mpaka kibanda cha zamani cha kuku, ikazunguka, ikarudi barazani. Njia isiyo na mahali pa kupotelea, kwa sababu haina mwisho mwingine ila nyumbani. Kuku tukawauza, nikaweka meza kibandani, na juu yake swichi, nyaya, na pasi mbovu zisizo na umeme. Lango nikalipaka rangi ya ukuta, nikapanda maua mbele yake, lisikuite tena.

Kwanza njia yenyewe ilinishinda. Nilikuwa nimetia mistari ya mawe meusi kwa urembo, na kila ulipofika kwenye mstari ulisimama, ukapapasa kwa ncha ya buti, ukarudi. "Banachimba bimashimo kila fasi," ulilalamika, na katika mji huu wa migodi nani angekupinga? Niliyang'oa yale mawe huku mvua ikininyeshea, nikimwaga simenti ya rangi moja, na kaka Fidèle, aliyekuja kuangalia kama nimeshindwa, akavua shati akashika koleo.

Asubuhi simenti ilipokauka ulivaa buti zako. Mama akakupa mfuko, ndani yake viazi vitamu. Ulitoka mlango wa jikoni. Sisi watatu tulisimama dirishani kama wezi. Ulipita avoka, ukafuata ua, ukaingia kibandani, ukakaa. Ulifungua pasi moja. Ulikula viazi. Ulifungua ya pili. Jua lilipokuwa kali ulisimama, ukafuta mikono, ukaendelea na njia, na njia ikakuleta barazani alipokuwa amekaa Mama.

"Ulirudi muzuri?" akakuuliza.

"Kazi ilikuwa mingi," ukasema. "Lakini tulimaliza."

Kaka alikwenda kufungua ile kadena yake, ambayo nilikwisha kuifungua zamani. Alirudi akiichezea mkononi, akaniangalia, tukacheka.

Ulifanya kazi ile muda mrefu, Papa, siku za jua na siku za manyunyu. Majirani walianza kukusalimu juu ya ua: "Papa, kazi?" Nawe: "Kazi iko!" Jina langu lilikutoka, kisha la Fidèle, na mwishoni hata la Mama, uliyekuwa ukimwita "ule mama muzuri anapikaka." Alikuwa akiona haya kama msichana. Hasira yako ilikwenda, na hofu yako ilikwenda. Ulilala mchana bila kushtuka, na siku moja mvua za mwisho zikinyesha hukuamka, kitandani kwako, mlango ukiwa wazi.

Watu wananiuliza kama sina uchungu. Ninao, lakini umekaa mahali padogo. Sehemu kubwa ya moyo wangu imetulia. Nimekwisha kuitwa kwenye nyumba nyingine tatu hapa Likasi, kwa wazee wanaosahau, na kila mara nakaa kitandani kwao kwanza, natazama mlango.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Ilikuwa karibu na mwisho. Ulikuwa umekaa nami hapa barazani, ukapitisha kiganja chako juu ya ukuta, pole pole, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Ukatazama sakafu, ukatazama njia.

"Nani alitengeneza hapa?" ukauliza.

"Ni minye, papa."

"Unajua kazi." Ukagonga ukuta kwa kidole. "Na nyumba ni ya nani?"

Nilishindwa kusema ni yako, nisikuchanganye. "Ya papa yangu," nikajibu.

Ukatikisa kichwa, ukanishika mkono, ukasema kwa upole kama mtu anayetuma salamu kwa mgeni: "Ukimuona, umuambie eko na bahati."

Papa, nakuambia.

Lala salama huko uliko, mpaka siku nitakapokufikia.

Mutoto yako mwanamuke