Mwana wa Mbuzi Mbele ya Biro

Ndosho, Goma, siku ya Mungu, kisha ya misa

Kwako Umwiza, mujukuu wangu,

Ziwa limekauka? Niambie kama limekauka, nisikulaumu bure. Kitwana, ndugu ya jirani yangu Asma, anafanya kazi kwenye bato, meli ya ziwa, anavuka mpaka kwenu Bukavu na kurudi kila juma, na anasema maji iko pale pale. Pasaka mbili zimepita. Noeli mbili zimepita. Mimi tate yako, niliyemuzaa mama yako, nilikubeba mugongoni kutoka Kibumba mpaka Kibati ukiwa na surua, unanitapikia shingoni, sikukutua chini hata mara moja, na wewe umeshindwa kukaa kwenye kiti cha bato masaa machache. Usinijibu habari ya simu. Simu yako ninaijua: Tate, nitakupigia kesho. Hiyo kesho nimeizeekea.

Basi, nimekwisha kugomba. Sasa ninakusalimia. Hujambo, mama? Unakula? Ile kikohozi ya baridi ilikwisha? Kazi ya usiku pale hospitali bado wanakupa wewe kila mara, ama wamepata mwingine mupole wa kuonea? Sisi tuko. Goti langu la kuume limekataa kukunjwa, ninasali nikiwa nimekaa, na Mungu hajalalamika. Watoto wawili wa marehemu kaka yako Samy wanakua, wanakula kama nzige. Muzee Ntirenganya, yule jirani yetu wa Kibati ambaye mulima ulimwaga moto juu ya nyumba yake na yetu siku moja, bado analala jikoni kwangu, na bado anasema ataondoka juma lijalo. Asma anakusalimia sana. Ni yeye anaandika, maana mimi na kalamu hatukujuana. Anapenda kuweka maneno matamu. Nimemwambia aandike vile ninasema, ama arudi kwa mashini yake ya kushona.

Sasa sikiliza. Kuna jambo, na mimi mwenyewe silielewi mwanzo wala mwisho, basi nitakuambia vile lilikuja.

Unakumbuka ile biro ya jamaa, ofisi ya musaada, pale tulikuwa tunapanga mustari kila mwisho wa mwezi? Mutu alikuwa anaonyesha kadi, anapewa unga, maharagi na mafuta, anaweka kichwani, anaenda. Hiyo niliielewa. Mwaka jana wakatuita mukutano, wakasema hiyo imekwisha, wamebadilisha yote. Kwamba kupewa-pewa kunalemaza mutu. Kwamba tangu sasa kila jamaa itasaidiwa kusimama yenyewe, na kisha ya mwaka moja itaachwa iende. Nikanyosha mukono, nikauliza nani aliwaambia kama tulikuwa tumelala. Mimi nimesimama tangu kuzaliwa, goti ndilo linashuhudia. Watu wakacheka, na wakubwa wa biro wakaandika kwenye karatasi kwamba swali langu ni zuri sana. Jibu sijalipata mpaka leo.

Wakasema ajenti atapita nyumba kwa nyumba kujaza karatasi wanaita fishi. Muko wangapi, munakula nini, nani kati yenu ana kazi ya mushahara, hata kama anakaa mbali. Jamaa yenye mutu wa mushahara inawekwa kwa listi ya kungojea, kwanza wasaidiwe wale hawana mutu. Ajenti wetu alikuwa Honoré, mwanaume mwembamba, baba wa watoto watatu, viatu vimekwisha kuliwa na mawe yetu ya lava. Ni mutoto wa mujini, alizaliwa karibu na soko la Virunga, ng'ombe ameiona kwa muchinjaji tu. Lakini ana heshima. Aliketi chini kwenye kibao changu, akakula viazi tulimupa, hakuuliza kama vimeoshwa.

Akaniambia jamaa ni wale wanakula kwenye chungu kimoja. Nikamwambia basi aandike mutaa muzima. Akacheka, akaanza upya. Kwa Muzee Ntirenganya tulikwama. Si bwana yangu, si ndugu yangu, si baba yangu, na fishi haina mahali pa muzee wa namna hiyo. Honoré alimuandika, akamufuta, akamuandika, mwisho akamuweka kwa mustari wa vingine, chini ya kuku. Ntirenganya alinuna siku tatu. Alisema si kuwa chini ya kuku ndiko kunamuuma, ni kuwa chini ya kuku ambayo haitagi.

Basi wakatukubali. Majuma saba, kila siku ya tatu ya juma, tulienda kufundishwa. Kuna siku walitupa karatasi kubwa na rangi, wakasema tuchore ndoto ya jamaa. Mwanamuke wa Rutshuru aliyekaa kando yangu akachora nyumba ya bati. Mimi nikachora chungu, kwa sababu ni kitu moja ninaweza kuchora. Mufundishaji akasema chungu changu ni biashara ya restora, kuuza chakula. Sikumubishia. Walituambia pia neno hili, walilirudilia kila siku ya tatu mpaka liliingia kwenye damu: mutu anayesimama si yule anapokea, ni yule anatoa. Lishike hilo neno, Umwiza, ndilo lilinipeleka kwenye shimo.

Kisha ya mafundisho wakatupa mbuzi. Mbuzi jike, nyekundu, yenye mimba. Honoré mwenyewe aliileta mpaka mulangoni, akaniwekea kamba mukononi, akasema, "Tate, hii si zawadi. Ni mwanzo." Ilizaa watoto wawili, dume na jike, siku ya mvua kali, na Ntirenganya alilala nazo jikoni kama mukunga.

Sasa wewe ulikulia kwangu, unajua desturi yetu. Mutu akikupa ng'ombe, ikizaa, unamurudishia mwana. Kwitura. Si deni, hakuna anayekudai, lakini usipofanya hivyo wewe si mutu, na mifugo yako inajua. Baba yangu alirudisha ndama kwa mutu aliyekuwa amekwisha kugombana naye na kumurushia mukuki, akamupelekea, wakakunywa pombe, wakagombana tena. Kwa hiyo nikangoja ile jike iache kunyonya. Nikaiosha. Nikaifunga kipande cha kitenge shingoni. Nikafunga na mimi kitenge changu cha misa, nikatoka Ndosho kwa mguu mpaka biro, mbuzi ikinifuata vizuri kuliko mujukuu fulani.

Sikujua kama siku ile wakubwa wa kontrole, wale wanakagua kazi ya biro, walikuwa wamekuja. Kiwanja kilijaa watu, meza zimetolewa nje, madaftari yamefunguliwa. Nikafurahi, nikasema asante inakuwa kubwa ikiwa na mashahidi. Nikapita katikati, nikamuita Honoré kwa jina, nikamuwekea kamba mukononi vile aliniwekea mimi, na nikasema kwa sauti ya kusikilika mpaka barabarani: "Honoré, uliniandika wakati wengine walibaki. Ulinipa, nimekurudishia. Watoto wako wakunywe maziwa."

Hakuna aliyepiga mikono. Honoré akawa na rangi ya majivu. Akasema polepole, "Tate, irudishe nyumbani." Nikakataa. Mwana wa kwitura harudishwi, ni kama kumutemea mutu. Akanisihi tena, na mimi nikamuweka mukono begani, nikamwambia asione haya, amestahili. Kwa kila neno langu nilikuwa ninaongeza kuni. Nyuma yetu mama moja wa kontrole, anaitwa Madame Uwimbabazi, alikuwa anaandika.

Kesho yake wakamusimamisha Honoré kazi. Wanasema alikuwa anachukua mbuzi ili aandike watu. Mwana wa mbuzi wamemufunga kwenye muti nyuma ya biro, wanasema ni ushahidi, hakuna mwenye ruhusa ya kumuchukua wala kumukula. Zamu, mulinzi wa biro, ndiye anamupa majani. Nilienda kuangalia. Ushahidi unalia usiku na muchana kama mbuzi mwingine yeyote.

Mimi nikachanganyikiwa kabisa. Walituambia tutoe. Nimetoa. Wamesema nimeharibu. Nilipokuwa ninapokea nilikuwa kilema, nikitoa nimekuwa muhalifu. Nilimuuliza Ntirenganya, akasema hivyo ndivyo inakuwa mutu akiandikwa. Nilimuuliza padri, akasema ataniombea, na uso wake ulikuwa wa mutu anayetaka kucheka.

Siku ya ine hii iliyopita Madame Uwimbabazi akaja mwenyewe hapa nyumbani. Nilijitayarisha kumugombeza, lakini akanisalimia kwa Kinyarwanda kizuri cha Masisi, akaomba maji ya kukunywa, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikamueleza desturi tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akasema maneno haya, Asma alikuwapo anaweza kuapa: "Mama, kwitura ninaijua, baba yangu alirudisha pia. Lakini kwenye karatasi inaitwa rushwa. Kitu moja kinaweza kuitenganisha: fishi yako. Kama fishi ni ya kweli, mbuzi ni asante. Kama fishi ina uongo, mbuzi ni bei ya ule uongo, na Honoré hatarudi kazini tena."

Akaniuliza kama fishi yangu ni ya kweli.

Umwiza, nilikwepa. Nilisema goti linaniuma. Akakunywa maji yake, akaangalia ukutani, akaenda. Siku ya tano hii inayokuja, ile Asma anaita Ijumaa, saa tatu ya asubuhi, wanakaa kwenye biro kukata maneno ya Honoré.

Sasa keti chini, kama uko umesimama.

Pale ukutani kuna picha yako, ile ya kanzu nyeupe ya hospitali, siku ulipata kazi. Ndicho kitu cha kwanza nilitoa nyumbani Kibati moto ulipokuja, hata sufuria niliiacha. Siku Honoré alijaza fishi, alifika kwenye swali la mushahara, akaiangalia ile picha, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mujukuu wangu. Akauliza yuko wapi.

Nikasema umekufa.

Nilisema kwa kinywa hiki. Asma ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, Asma.

Honoré aliweka kalamu chini. Alivua kofia yake, akafunga macho, akakuombea, Umwiza, sala ndefu, ya jina lako, mbele ya mimi, kwenye chumba changu. Na mimi nikasema amina. Kisha akachukua kalamu, akapiga mustari mahali pa mutu wa mushahara, na akanipa mukono wa pole. Hakuuliza karatasi ya kifo. Nani anaomba muzee karatasi ya namna hiyo?

Utasema nilifanya kwa ajili ya mbuzi. Mimi pia nilijiambia hivyo miezi mingi, kwa ajili ya watoto wa Samy na matumbo yao. Lakini nimelala na hili jambo na nimeamka nalo, na sitaki kukudanganya kama nilivyodanganya Honoré. Habari ya mbuzi sikuijua hata siku ile. Ningeweza kusema yuko Bukavu, yuko muzima, ana kazi. Halafu angeuliza swali linalofuata: anakuja lini? Hilo swali watu wa mutaa wananiuliza kila Noeli. Nilichoka kulijibu. Ilikuwa rahisi zaidi kusema umekufa kuliko kusema uko muzima na umenisahau. Maneno yalitoka laini, kama mate, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Siku mbili sikuweza kula kwenye chungu.

Sijui kosa ni langu ama ni lako ama ni la ile fishi. Ninajua tu kosa si la Honoré. Siku ya tano nitaenda kusema kweli yote, maana ule mustari usio na karatasi ya kifo watauona: uongo ni wangu, Honoré aliuamini tu. Wachukue mbuzi, wachukue na ile dume, wanirudishe kwa mustari, haidhuru. Lakini Asma ananiambia, na ana haki, kwamba kontrole watasema mimi ni muzee anayemupenda ajenti wake, nimetunga mujukuu muzima ili kumuokoa. Mutu mwenye alisema mutu amekufa, nani atamuamini akisema amefufuka? Neno langu nimelimaliza mwenyewe.

Ndiyo sababu barua hii sikuitia kwenye simu ya mutu. Kitwana atakuwekea mukononi siku ya pili, kesho kutwa, atangoja uisome mbele yake. Ukikasirika, kasirika njiani, lakini panda bato: uso wa Honoré akikuona ndio utawaambia kontrole kwamba aliniamini.

Watoto wa Samy wanakusalimia, mudogo anauliza kama wewe ni yule wa picha. Ntirenganya anakusalimia, anasema hata akiondoka juma lijalo atakungoja. Salimia wagonjwa wako, salimia mama mwenye nyumba yako. Mungu akuchunge juu ya maji. Chini hapa nimeweka kidole changu, Asma amenipaka wino mingi mpaka kwenye kitenge.

Mimi tate yako, Mukamazimpaka, mama wa mama yako.

Ukitoka bandarini usipite nyumbani kwanza, hata ukisikia harufu ya sombe yangu ikiiva. Vaa ile kanzu nyeupe, enda moja kwa moja kwenye biro, umutafute Honoré katikati ya watu, umupe mukono aushike mwenyewe aone una joto, na umwambie asante kwa ile sala.