Maneno Sita Yasiyo na Shikamoo

Ruhuwiko,
S.L.P. 412,
Songea.
8 Agosti 2004.

Mpendwa Baba Mdogo Pankrasi,

Shikamoo. Shikamoo tena mara ya pili, kwa kuwa kuna moja niliyopaswa kukupa mwezi uliopita na sikukupa. Nitaieleza huko chini.

Afya yako inaendeleaje? Ile homa iliyokusumbua wakati wa Pasaka imekuacha? Mama mdogo Subira hajambo? Watoto, Leo na Jane, wameshafungua shule, au huko Mwanza mnafuata kalenda nyingine? Mvua huko nasikia hazina adabu, zinanyesha hata mwezi wa nane. Kazi ya stoo pale kiwanda cha samaki naamini inaendelea, na ule mgongo unaokukaza ukiinua makreti umepata nafuu.

Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kulegea, ingawa asubuhi tunakwenda shule tumejikunyata kama vifaranga. Baba anamalizia kupukuchua mahindi. Mama anashona sare za kipaimara. Mimi niko kidato cha tatu na nasoma kadiri ninavyoweza.

Bibi yu hai, na anakula vizuri. Sentensi hiyo nimeiweka peke yake ili usipate taabu ya kuitafuta.

Baba mdogo, najua hupokei simu yetu. Baba amepiga mara kumi na moja na mimi nimehesabu. Ndiyo maana naandika. Barua haiwezi kukatwa katikati, na hata ukikasirika utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Naomba nianze na simu yenyewe, maana hujawahi kuiona. Inakaa ndani ya kikombe cha bati, kwenye msumari, upande wa kulia wa dirisha la jikoni. Hapo ndipo mtandao unapopatikana. Ukiisogeza hatua mbili, unatoweka. Kwa hiyo kila anayezungumza nayo husimama akiutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na kwa kuwa baba anaamini Mwanza ni mbali, anapaza sauti. Majirani wanajua habari zako zote. Mama Devota wa nyumba ya pili aliwahi kumwuliza mama kama mgongo wako umepona, na hatukuwa tumemwambia lolote.

Watu wamebadilika kidogo. Zamani mgeni alifika tu na akapikiwa. Siku hizi anabipu kwanza, na asipobipu, mama ananung'unika kwamba amevamiwa. Nassoro wa duka la pale kona, yule anayetokea Tunduru, nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Mimi nipo Njombe, ndugu yangu, nitarudi keshokutwa," huku ananipimia sukari. Aliponiona namtazama akasema, "Shika sukari yako, mwanafunzi. Njombe kuna baridi." Jumapili moja simu ililia kanisani wakati wa mahubiri, na wanaume saba walijigusa mifukoni. Nadhani wawili kati yao hawana simu.

Lakini kwetu simu ilinunuliwa kwa sababu nyingine, na wewe unaijua. Babu alipopasuliwa mwaka 1996, barua ya kukujulisha ilikufikia baada ya siku kumi na tisa, na babu alikuwa na siku kumi na nne kaburini. Tangu siku hiyo bibi alisema hakuna mtu wa nyumba hii atakayelazwa juu ya kitanda cha kupasuliwa kabla Pankrasi hajaambiwa na hajajibu kwa mdomo wake. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, na amri hiyo haijafutwa mpaka leo. Simu ilipokuja, baba alimkabidhi bibi aishike, akamwambia, "Mama, sasa Pankrasi yuko hapa ndani."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa sita tulimtoa bibi Madaba, akaja kukaa nasi, kwa sababu alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe. Tukampeleka hospitali ya Peramiho. Wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia ndilo bovu zaidi. Daktari wa macho atakuja Jumanne tarehe 7 Septemba. Majina ya watakaopasuliwa yanafungwa Jumamosi tarehe 28 Agosti. Bibi alisikiliza yote, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mpigieni Pankrasi."

Tulikupigia mara tatu, kama unavyokumbuka. Nina hakika hukuwahi kujua tulichotaka. Bibi alikusalimu. Akamsalimu mama mdogo Subira, akawauliza watoto mmoja mmoja, akauliza mifugo, ingawa huna mifugo, akauliza wale wazee wa Songea mnaosali nao jumuiya moja, na alipokwisha kusema, "Sasa mwanangu, nimekuita," vocha ikakwisha. Mara ya pili iliishia kwenye majirani. Mara ya tatu baba alimsihi aanze na macho, salamu zifuate. Bibi alimtazama kwa hilo jicho lenye ukungu.

"Aidan," akasema, "kwani nani amekufa?"

Wewe ulilelewa na bibi, huhitaji kufundishwa: anayeruka salamu ndiye aliyebeba msiba. Anafika, anakaa chini, haamkii mtu, na watu wanaanza kulia kabla hajafungua kinywa. Mimi nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya barua hii.

Alhamisi tarehe 15 Julai baba aliamua tukutumie ujumbe wa maandishi. Vidole vyake ni vinene kwa vile vitufe, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika na yeye akasema. Nakuandikia alivyosema, maana nakumbuka neno kwa neno: "Mdogo wangu Pankrasi, salamu nyingi. Sisi wote wazima na mama ni mzima. Hofu yetu ni kwako na familia. Dhumuni la ujumbe huu, mama ana mtoto wa jicho na Peramiho wanataka kumpasua, naye anangoja neno lako. Tafadhali tupigie upesi. Wasalimie wote." Kisha akaenda kuwatazama kuku.

Baba mdogo, kidato cha pili tulifundishwa kuandika simu ya maandishi, ile ya posta. Mwalimu wetu alikata alama kwa kila neno lisilo na kazi. "Salamu hulipiwa kama maneno mengine," alikuwa akisema. Nilipata alama tisa kwa kumi, darasa zima hakuna aliyenipita, na karatasi yangu ilibandikwa ukutani. Mimi si mtu wa kusifiwa mara nyingi. Nilipoona maneno ya baba hayaenei kwenye ujumbe mmoja, niliyapunguza. Kisha nikayapunguza tena, na hapo sikuwa na haja, niliona raha tu. Nikakutumia hivi:

MAMA PERAMIHO. NENO LAKO LANGOJWA. WAHI.

Maneno sita. Niliyahesabu na nikajiona nimefanya jambo zuri. Niliwaza kwamba utapiga na utaelezwa.

Ulipiga. Lakini jioni ile ile baba aliipeleka simu kuchajiwa dukani kwa Nassoro, kwa kuwa nyumbani hatuna umeme, na alfajiri Nassoro akafunga duka akaenda Tunduru kwenye harusi ya dada yake Biasha, simu imo ndani, imezimwa. Siku tatu. Sisi tulikuwa tunasema, "Pankrasi amenyamaza." Kumbe na wewe huko ulikuwa unaona sisi ndio tumenyamaza, na kimya kama hicho, baada ya maneno kama yale, kinajieleza.

Habari za upande wako tulizipata kwa mama mdogo Subira alipopiga baadaye: kwamba ulikaa chini sakafuni bila kusema, kwamba watu wa jumuiya walikuja na mikeka, kwamba ulinyoa nywele, na kwamba Jumamosi asubuhi jina la bibi lilisomwa kwenye misa ya marehemu. Kisha Jumapili ukapanda basi kuja kuzika.

Jumatatu ulipopiga kutoka Dodoma nilikuwa jikoni. Nassoro alikuwa ameturudishia simu saa moja tu kabla. Nilibonyeza kitufe cha kijani nikamwekea bibi sikioni, maana ndiye aliyekuwa karibu, anachambua maharage.

"Haloo, nani mwenzangu?" bibi akasema.

Nilisikia sauti yako ikisema, "Nipe kaka Aidan."

"Pankrasi? Mwanangu! Ni mimi mama yako."

Sijawahi kusikia mtu akinyamaza vile. Nyuma yako kulikuwa na mtu anauza karanga, nilimsikia waziwazi. Halafu ukakata. Bibi alibaki na simu sikioni, akaniuliza, "Vocha imekwisha?" Nikamwambia ndiyo. Huo ndio uongo wangu wa pili, baada ya ule ujumbe.

Ukarudi Mwanza kutoka Dodoma, na tangu hapo hupokei. Sikulaumu. Mtu aliyenyoa kichwa mbele ya majirani hawezi kuzieleza nywele zake kila anapokwenda kazini. Lakini unamkasirikia baba, na baba hakuandika yale. Naye baba anakulaumu wewe. Huwa anasema, "Pankrasi alikuwa na haraka tangu tumboni, nimemwandikia kwamba mama ni mzima, yeye akasoma kilio." Amesema hivyo mara nyingi mezani mbele yangu, na mimi nikaendelea kula ugali. Wiki tatu ndugu wawili hawasemeshani, na bibi amekataa kuandikishwa Peramiho, kwa sababu ya maneno sita ambayo si ya yeyote kati yenu. Ni yangu. Naomba unisamehe.

Hapa niliacha kalamu. Unajua desturi ya nyumba hii, barua haifungwi kabla haijasomwa kwa sauti. Nimefikiria kuandika mbili, ya kusoma na ya kutuma, na nimeona nimeshachoka kupunguza maneno. Basi baada ya chakula cha mchana nimewasomea yote mpaka hapo juu.

Baba alinyanyuka, akaitoa simu kwenye kikombe, akaniambia nimwonyeshe. Sikuwa nimeufuta ujumbe. Aliusoma akifuata kwa kidole, mara mbili.

"Na salamu zangu umezitia wapi?"

"Nilizikata, baba."

"Ulizikata." Akairudisha simu kikombeni polepole, kama yai. "Na mimi namtukana mdogo wangu." Akatoka, na ameketi nje mpaka sasa.

Bibi ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka mama akamletea maji.

"Kumbe nimeuawa na mtoto wa shule!" akasema. "Na hao walioniombea huko Mwanza, mwandikie Pankrasi wasizirudishe sala zao. Zikae. Zitanifaa baadaye."

Nilidhani amemaliza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema misa ya marehemu haimuumi, wala nywele, kwa kuwa nywele huota. Kinachomuuma ni kwamba siku ile ulipopiga kutoka Dodoma, ulisikia sauti ya mama yako ukakata bila kumwamkia. Alijua vocha haikwisha. Amelijua siku zote hizi, na hakuniambia kwamba anajua.

Hivyo ameniagiza niandike haya, na nimeyaandika kama alivyosema. Hataki uje; nauli ya safari moja bure inatosha. Hataki maelezo, wala hataki umwulize baba kitu. Majina yanafungwa tarehe 28. Piga siku yoyote kabla ya hapo. Atakuwa amekaa chini ya kikombe. "Asisalimie watu wote," amesema, "safari hii nitamwonea huruma. Aseme shikamoo mama, basi, akate. Hilo ndilo neno lake. Nitaitikia marahaba, nitajua ameniruhusu, na nitakwenda nikapasuliwe."

Hii ni mara ya kwanza kumsikia bibi akikubali salamu fupi.

Simu sasa inachajiwa mchana tu, na mimi naisubiri hapo hapo dukani mpaka ijae, nikiwa na kitabu changu. Nassoro ameapa wallahi hatafunga tena duka na simu ya mtu ndani, hata aolewe nani.

Mama anakusalimu sana. Baba ameingia sasa hivi, amesema niandike "salamu nyingi kwa mdogo wangu", na amesimama nyuma ya kiti kuhakikisha nimeandika. Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako, baba mdogo. Nisalimie mama mdogo Subira, umwambie asante kwa kutupigia. Msalimie Leo, msalimie Jane, na wazee wa Songea wa jumuiya yenu, mmoja mmoja kwa majina yao, kama bibi angefanya.

Mungu akuoteshee nywele, akulinde mgongo, na akuweke mahali penye mtandao.

Shikamoo, baba mdogo.

Mwanao akupendaye, aliyekukosea,

Lidwina A. Mbano