Lina wa Nguo Nyekundu

Kitale, Jumatatu, Agosti 2009. Mvua haijaacha tangu asubuhi, na mimi roho yangu haijakaa.

Niko hapa saiba, kwa kompyuta ya kukodi, uzi wa kufuma kwa paja, naandika. Siku zingine binti yangu hupitia maandishi yangu akirudisha l na r mahali pake, kwa sababu mimi nililelewa Kabuchai na ulimi wangu hauchagui. Leo yeye hatapitia. Dada wa saiba ndiye atanisaidia, na ameapa hasomi, ati anaangalia herufi tu.

Sijui. Mimi ni mtu wa kushuku.

Binti yangu anaitwa Lina. Yuko kidato cha pili, na Kiingereza chake hakuna anayekifikia darasani. Si kujivuna, walimu ndio wamesema. Jina hilo nilimpa la mdoli. Wengine wanaita watoto wao majina ya watakatifu. Mimi niliita wangu jina la kitu nilichokipenda kuliko vyote nikiwa mdogo, na sijutii.

Walikuwa wadoli wa mpira, wakiuzwa Bungoma mjini, ndugu wengi wa familia moja. Baba aliniletea mmoja, mwenye nguo nyekundu. Binti ya mwalimu alikuwa na mwenye nguo ya njano. Wangu aliitwa Lina. Wake pia aliitwa Lina. Tuligombana mwaka mzima nani ana Lina wa kweli, mpaka tukavutana nywele kanisani.

Basi wiki jana naona picha imebandikwa nje ya banda la video. Wadoli wangu. Wamewatengenezea sinema.

Kwanza nilifurahi. Halafu nikaanza kuangalia ile picha vizuri. Wangu alikuwa na pua ya duara na nywele za mpira zilizoshikana na kichwa. Huyu wa picha ana pua kama penseli na nywele mpaka kiunoni. Wangu ukimfinya tumbo alilia fyuu. Nikajiuliza, huyu atalia?

Hakulia hata mara moja. Lakini hiyo si shida.

Jana tulienda wote, mimi, Lina na jirani yangu Mama Chebet. Sinema ni ya Kiingereza, kwa hivyo kuna kijana wa Matulo, kule kwetu, jina lake Simiyu, anakaa mbele na maiki akitueleza. Dada mmoja, wa nguo nyekundu, ni shujaa. Mwingine, wa njano, anaiba pete ya mama yao na kumfungia mama kabatini. Simiyu anasema, "Sasa huyu amerara, hajui dadake anakuja na kamba." Lina anacheka akiziba mdomo.

Mimi nilisikia dada wote wawili wanaitwa Lina. Nikashuku waliotengeneza sinema wamekosa majina.

Ni Mama Chebet aliyenigonga na kiwiko. "Mama Lina, si umesikia? Huyu mzuri ni Rina. Mwizi ndiye wajina wa mtoto wako."

"Wacha mchezo."

"Haki. Ficha pete yako, bana."

Watu wa benchi la mbele wakageuka kumwangalia mtoto wangu. Lina aliacha kucheka. Hapo nikakumbuka alichoniambia akifunga shule: ameshawatangazia wasichana wote wa bweni kwamba jina lake ni la mmoja wa wadoli hawa. Watamwita nini akirudi?

Sinema ikaisha, Mama Chebet akaenda zake akicheka. Mimi nikaenda kwa Simiyu.

"Wewe ni mtu wa Matulo," nikamwambia. "Ulimi wako ni kama wangu. Umegeuza majina ya watoto wa watu."

"Mayi, mimi natafsili vile wanasema."

"Basi funga maiki turudie."

Akarudisha mahali mama wa wadoli anawaita watoto wake. Mwenye nguo nyekundu akaitwa. Nikasikia Lina. Wa njano akaitwa. Nikasikia Lina.

Nilifunga macho, nikamwambia arudie. Lina na Lina.

Akirudisha mara ya tatu, ndiyo nikamgeukia mtoto wangu, mwenye ulimi wa kuzaliwa Kitale. Nikamuuliza, "Wewe unasikia nini?"

"Mwekundu ndiye Lina, mama. Huyu amegeuza."

Simiyu akafungua mdomo. Lina akamwangalia. Simiyu akaufunga, halafu akasema, "Pore, mayi."

Nilitoka pale nikitembea kama mwenye shamba.

Lakini usingizi ulikataa, kwa sababu nilianza kupanga mambo. Kwa nini alijibu kabla mama wa wadoli hajamaliza kuita? Kwa nini Simiyu, mwenye maneno mengi vile, hakubisha? Na kwa nini Lina, ambaye siku hizi hataki kutembea karibu na mimi mjini ati nasalimia watu sana, alinishika mkono mpaka nyumbani?

Asubuhi nikamwambia tu, Jumamosi twende Kabuchai tukamwone bibi. Yule mdoli bado yuko huko, ndani ya kabati ya mama yangu. Lina alikuwa anakunywa chai. Akasema sawa, twende, lakini hakuna haja ya kumgeuzageuza mdoli miguu.

Mimi sikuwa nimetaja miguu.

Chini ya mguu ndiko jina lilichapwa. Mimi nilisomewa na baba, na baba alikuwa mtu wa Kabuchai kama mimi, l na r kwake ni kitu kimoja. Lina amecheza na huyo mdoli kila likizo tangu ajue kusoma. Kumbe amejua miaka yote hii? Na bado anaitika kila nikimwita. Na bado aliwatangazia wasichana wa bweni.

Nilienda pale nimtetee, na ni yeye alinitetea. Nimezaa mtu, jamani. Semeni mnachotaka.

Jumamosi tutaenda. Nitamfinya mdoli tumbo nisikie kama bado analia fyuu, na miguu sitaigeuza. Kuna uzi mwekundu umebaki kwa sweta za wateja. Nimepima kwa kidole, unatosha soksi mbili ndogo, na ya kwanza nimeshaianza hapa hapa saiba.